Mkuu, usiukate huo mpira wa rejeta: sensa ya joto inakaa kwenye hedi, kichwa cha injini

Weka spana chini. Kama umeshaushika huo mpira wa juu wa rejeta, uachie, kaa juu ya tairi la akiba, usome kwanza.

Nimeliona bandiko lako nikiwa kwenye daladala, nikapitishwa kituo. Una Land Rover Series III ya 1978, petroli, na unataka dashibodi iwe ya kisasa: stabilaiza ya zamani, ile inayotuliza umeme wa geji, itoke, geji ya joto iwe ya kidijitali, geji ya mafuta iache kucheza, taa za dashibodi ziwe za LED, na uongeze geji ya volti. Mambo matano. Mchangiaji wa tatu hapo juu amekujibu kwamba hilo la joto ni mchezo wa watoto: nunua kile kipande cha alumini kinachoungwa katikati ya mpira wa juu, funga sensa hapo, dakika ishirini kazi imekwisha. Na wewe umemjibu, "Shukrani mkuu, kesho naukata."

Hiyo kesho yako ndiyo jana yangu. Ilinitoka milioni moja na laki tisa, na mpaka leo mama mkwe akisikia neno Land Rover anauliza nauli ya basi la Iringa ni shilingi ngapi.

Gari yangu ni Land Rover 109, ile ndefu, ya 1979, injini ile ile ya lita 2.25. Niliinunua kwa mstaafu mmoja aliyekuwa akiitunza kuliko meno yake. Ilikuwa na kasoro moja tu. Geji ya mafuta na ya joto, zile mbili zinazokaa ndani ya duara moja kando ya spidomita, zilikuwa zikipanda pamoja. Unawasha gari, baada ya dakika mbili tenki limejaa wakati nimeweka lita tano, na maji yanataka kuchemka wakati injini hata haijapata uvuguvugu. Nikampelekea fundi rewaya.

Huyo fundi simtaji, ana watoto wanasoma kwa ada zangu. Akachungulia nyuma ya dashibodi kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye maigizo, akasema, "Bosi, geji zote mbili zimekufa, na sensa imekufa." Vitu vitatu vimekufa kwa mkupuo kama vimekula uyoga! Na mimi, msomi mzima, nikaitikia.

Hakuna kilichokuwa kimekufa, mkuu. Kilichokuwa kimelegea ni ethi ya stabilaiza, yaani muunganiko wake na chuma cha gari. Nakueleza hili taratibu kwa sababu nimeona unataka kuitoa bila kujua ilikuwa inafanya nini. Kile kidude cha bati nyuma ya geji kina ulimi wa metali mbili zilizobanwa pamoja, umezungushiwa waya mwembamba wa kupasha moto. Umeme ukipita, ulimi unapata moto, unajikunja, unakata. Ukipoa unanyooka, unaunganisha tena. Unakata na kuunganisha hivyo mchana kutwa, na wastani wake unakuwa kama volti 10. Geji zenyewe zimeundwa kwa ujanja huo huo wa metali mbili na waya wa moto, ndiyo maana sindano zake hupanda polepole kama mzee anayepanda ngazi za mahakama. Kwa uvivu wake hazioni kule kukatakata, zinaona wastani tu. Sasa ethi ikipotea, ule waya wa kupasha haufanyi kazi, ulimi haujikunji, haukati, na geji zinakula volti zote za betri mfululizo, na ukikanyaga mafuta zinakula na za alteneta. Zinapanda zote.

Kwa hiyo geji moja ikidanganya, mtafute sensa na waya wake. Zikidanganya zote mbili kwa upande mmoja, usimguse sensa wa watu, nenda kwenye stabilaiza na ethi yake. Dawa yangu ilikuwa kipande cha msasa na dakika kumi na tano.

Fundi wangu hakuwa na msasa. Alikuwa na simu yenye picha za vitu vya kuuza. Akanionyesha geji ya kidijitali, namba za bluu, inakuja na sensa yake na hicho kipande cha alumini cha mpira wa juu. "Hii ndiyo ya kisasa bosi, hata wazungu wanatumia." Akanirushia na video. Jamaa mmoja kule anakofunga ni baridi tupu, amevaa koti, anakata mpira kwa kisu, anapachika kipande, anakaza vibano viwili, anatabasamu. Dakika nane. Video haikuonyesha siku ya pili. Hawaonyeshagi siku ya pili.

Kuna jambo la tredi, ile mikato ya skrubu, hapo ambalo ndilo lililotupeleka kwenye mpira. Tundu la sensa kwenye hedi ya hizi gari ni kubwa, inchi tano ya nane (5/8). Sensa ya ile geji mpya ilikuwa na tredi nyembamba ya bomba, inchi moja ya nane (1/8). Haziingiliani. Fundi mwenye akili angechonga bushi ya shaba, kipete cha kupunguza tundu lilingane na sensa. Wangu akatoa sensa ya Mwingereza, ile ya asili iliyokuja na gari, iliyokuwa nzima, akaziba tundu kwa bolti, akanitazama kwa fahari. Lile tundu, mkuu, lile hasa ambalo wahandisi walikaa wakachagua mahali pa kulitoboa, tukalizibia kwa bolti ya shilingi elfu moja na utepe mweupe wa mabomba. Kisha tukaupasua mpira.

Ilipendeza, sikatai. Usiku dashibodi ilikuwa kama ya ndege. Kwenye foleni ya Ubungo ilisoma 74, 75, 74. Nikawa nawaonyesha abiria wasioniuliza. Sasa tazama upofu wangu: themostati yangu, ule mlango unaoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta, ilikuwa imegongwa namba 82 juu yake, yaani hufunguka kwa nyuzi 82. Themostati ya 82 ikifanya kazi, maji hayawezi kutulia kwenye 74 jua la saa nane mchana Dar es Salaam. Ile tofauti ilikuwa inanipigia kelele. Nikamuuliza fundi. Akasema, "Injini yako imepoa bosi, hiyo ni afya." Nikafurahi. Nani hapendi kuambiwa ana afya?

Desemba tukaondoka kumrudisha mama mkwe Iringa, alikuja kumwangalia mke wangu alipojifungua. Mimi, yeye na shemeji yangu mdogo nyuma. Tukapita Morogoro, tukapita Mikumi kwa adabu, Ruaha Mbuyuni mama mkwe akanunua kiroba cha vitunguu. Halafu Kitonga.

Kama hujapanda Kitonga nyuma ya lori la Zambia lililobeba dunia nzima, nitakueleza: unapanda kwa gia ya pili, kisha ya kwanza, upepo hakuna, upande mmoja jiwe, upande mwingine bonde. Injini inafanya kazi yake kubwa kuliko zote na hewa inayopita kwenye rejeta ni ya feni peke yake. Nikatazama geji. 66. Nikamwambia mama mkwe, na Mungu anisamehe, "Unaona mama, inapanda mlima na joto linashuka. Hii ni Land Rover."

Ikashuka kweli. 63. 61.

Miguuni nikaanza kusikia moto. Nikasema ni jua. Harufu kama ya sufuria iliyosahaulika jikoni, nikasema ni breki za lori la mbele. Injini ikaanza kugonga nikikanyaga, nikasema ni petroli ya kule nyuma imechakachuliwa. Kila dalili nilikuwa na jibu lake kwa sababu pale mbele ya macho yangu, kwa rangi ya bluu, imeandikwa 58. Mashine ya kisasa inasema 58, mimi ni nani? Nikaongeza mafuta ili niwahi mahali pa kuegesha. Nadhani ni dakika kumi hizo. Hizo dakika kumi ndizo zilizoua hedi, si zile za kwanza.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa geji. Alisema kwa upole, "Mwanangu, humu ndani mbona kama kuna maharage yanachemka?"

Halafu mvuke. Sikufungua boneti, ilijifunika yenyewe wingu. Na ndani ya wingu lile nikainama kutazama geji mara ya mwisho, nina picha yake kwenye simu mpaka leo: 57.

Sitakusimulia ya kuvutwa na lori la mkaa. Shemeji ana video, ameisambaza ukoo mzima.

Iringa nikapata mzee mmoja mwenye gereji ndogo, mtu wa maneno machache. Hakugusa waya hata mmoja. Alifungua nyumba ya themostati, akaitoa, akamwita mama ntilie wa jirani amwazime sufuria yenye maji ya moto. Akaitumbukiza. Maji yanatokota, themostati imenuna. Haikufunguka hata unywele. Imegandia ikiwa imefunga. Ndipo akaugusa ule mpira wangu wa juu wenye kipande cha alumini, akaniuliza swali ambalo lingenigharimu sifuri kama ningejiuliza Dar: "Themostati ikifunga, maji ya moto yanafikaje hapa?"

Hayafiki. Ndiyo hadithi yote, mkuu. Themostati inakaa kati ya hedi na mpira wa juu. Ikifunga, maji yanazunguka ndani ya injini kwa njia yake ya mkato na kurudi kwenye pampu, yanazidi kuiva, na mpira wa juu unabaki na maji yaliyotuama yanayopoa taratibu. Kadiri injini inavyoungua ndivyo sensa yako ya kwenye mpira inavyosoma baridi. Ni kama kumwekea mgonjwa wa malaria kipimajoto kwenye kandambili zilizo mlangoni halafu ukamwambia ana nafuu. Gari ikiwa nzima, ile sensa inasema kitu kinachokaribia ukweli. Siku gari inapougua, yaani siku pekee uliyoinunulia geji, inakudanganya. Kumbuka na maji yakivuja yakaisha: mpira wa juu ndio wa kwanza kubaki na hewa.

Lipo na la pili, nalo ndilo lililoeleza zile 74 za Ubungo. Sensa za namna hii, za Mwingereza na nyingi za hawa wa kisasa, ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme, hupungua kadiri joto linavyopanda. Baridi, ukinzani mkubwa. Moto, ukinzani mdogo. Sensa yenye waya mmoja hutegemea mwili wake kupata ethi kupitia chuma cha injini. Pale kwenye mpira imekaa kwenye alumini iliyopakwa rangi, katikati ya raba mbili, yaani inaning'inia hewani. Fundi aliizungushia waya wa ethi juu ya rangi, akabana na kibano. Ethi mbovu inaongeza ukinzani, na ukinzani ukiongezeka geji inasoma baridi zaidi. Unaona uovu wake? Waya ukikatika inasoma baridi. Ethi ikilegea inasoma baridi. Kutu ikiingia inasoma baridi. Mfumo huu ukiharibika karibu kila mara hudanganya kwa upande ule unaokufurahisha. Bado nipo kwenye kumsamehe yule fundi, kazi inaendelea.

Hedi ilikuwa imepasuka, gasketi imeungua kati ya silinda mbili. Na hizi hedi ni chuma cha kumimina, si alumini laini ya kwenye gari za siku hizi, ujue niliipika kweli. Hedi ya mtumba, gasketi, kuikwangua kwenye mashine, ufundi, kuvutwa, gesti ya siku sita, na mkungu wa ndizi wa kuomba radhi ukweni. Jumlisha. Halafu linganisha na bushi ya shaba, ambayo mzee alinichongea kwa elfu ishirini.

Basi shika hili moja, hata mengine yote ukiyatupa: sensa ikae kwenye hedi, kabla ya themostati, ncha yake ndani ya maji. Kwenye hedi. Si kwenye mpira wa juu, si kwenye mpira wa chini, si kwenye tenki la rejeta, si mahali ambapo "ni rahisi kufikia bosi". Lile tundu lililokuja na gari ndilo. Kama sensa mpya haiingii, chonga bushi, sensa ifuate tundu. Tundu lisifuate sensa.

Na bushi nayo ina ujinga wake, nimeulipia pia. Ya kwanza tuliyochonga ilikuwa ndefu, ncha ya sensa ikajificha ndani yake kama konokono. Maji yanapita nje, yenyewe imekaa kwenye kijishimo cha maji yasiyotembea. Tulipoilinganisha na kipimajoto ilisoma nyuzi 9 chini. Tukaikata mpaka ncha ikachungulia kwenye mkondo wa maji. Na usiviringishe utepe mweupe wa mabomba kama unafunga zawadi ya harusi. Tredi lazima igusane chuma kwa chuma, hiyo ndiyo ethi yako. Washa ya shaba, kile kipete bapa, inatosha kuzuia maji. Kisha pima kwa mita ya umeme: ncha moja kwenye mwili wa sensa, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Ukiona ukinzani wa maana hapo, futa rangi, ongeza mkanda wa ethi kati ya injini na chesisi. Land Rover za umri huu, ule mkanda mara nyingi umebaki nyuzi tatu na imani.

Kabla hujafunga chochote, chemsha sensa. Sufuria, maji, kipimajoto cha kuaminika, mita, na geji yenyewe umeiunga kwenye betri. Ining'inize sensa kwa waya, isiguse kitako cha sufuria, mwili wake uunge ethi. Andika namba kila nyuzi kumi maji yanapopanda: kipimajoto kinasema nini, geji inasema nini. Usitafute namba zangu, za kwako zitakuwa na zake. Tafuta kama geji na kipimajoto vinaenda pamoja. Geji na sensa ni mke na mume, ukibadili mmoja bila mwenzake ndoa haiendi. Sensa ya gari nyingine inaweza kuingia tundu lile lile, ikakaza vizuri, na bado ikasoma ujinga kwa sababu ukinzani wake si ule geji iliofundishwa.

Kwenye sufuria ile nusura niaibike tena. Maji yanatokota kabisa, geji inaonyesha 95, nikaruka juu: "Mzee, hata hii ni mbovu, inapungua nyuzi tano!" Akanitazama kwa muda. Akasema, "Kijana, huku ni Iringa. Maji hayasubiri mia." Nilikuwa nimesoma hilo shuleni nikalisahau. Kwa mwinuko wa Iringa maji ya wazi huchemka kwenye 95 hivi. Wewe ukichemshia Dar tegemea 100, Arusha au Mbeya tegemea pungufu, usije ukaitupa sensa nzima. Na hii inakuambia kitu kuhusu mfuniko wa rejeta: ile springi yake ndiyo inayoshikilia presha ili maji yavuke hapo bila kuchemka. Mfuniko uliochoka mlimani unachemsha gari mapema kuliko ulivyozoea huko chini. Nunua mpya, ni bei ya soda chache.

Kuhusu stabilaiza, ukiniuliza leo: geji zako za asili zibakishe, wape stabilaiza ya kielektroniki. Kale kadude kanaitwa 7810, kana miguu mitatu, Kariakoo unakapata kwa bei isiyofika ya chipsi mayai. Mguu wa kwanza umeme unaingia, wa kati ethi, wa tatu unatoa volti 10 zilizotulia. Ongeza kapasita mbili ndogo, moja upande wa kuingia na moja upande wa kutoka. Bati lake la mgongo ni ethi pia, kwa hiyo lifunge kwa skrubu kwenye boksi tupu la stabilaiza ya zamani, likusaidie na kupoza. Kwa nje itaonekana kama ya kiwandani na hakuna atakayejua. Waya wa kijani ndio wa kuingia, ule wa kijani hafifu ndio unaopeleka kwenye geji, na kijani yenye mstari wa bluu ndio unaoshuka kwa sensa ya joto, kama hakuna kishoka aliyepita kabla yako. Kwangu alipita, nilikuta waya wa simu ya mezani.

Angalizo kwa wanaosoma wenye Series za zamani zaidi, zile za ethi chanya, ambazo upande chanya wa betri ndio umefungwa kwenye chuma cha gari: hiyo 7810 si yenu, nyinyi ni 7910 na mpangilio wa miguu ni tofauti. Mkikosea mtaona moshi. Mtoa mada, yako ni ethi hasi, tulia.

Mimi leo nina vitu viwili. Geji ya Mwingereza imerudi, na 7810 yake, na sensa ya aina ile ile ya asili kwenye tundu lake la hedi. Ile bolti ya elfu moja nimeitundika kwenye funguo kama kumbukumbu ya marehemu. Pembeni nina ile ya kidijitali. Bushi yake ilifanya kazi vizuri, ila tundu ni moja na la asili nilimrudishia mwenyewe, kwa hiyo hii ya kidijitali sasa inatumia sensa ya pete, inayobanwa chini ya bolti kwenye chuma cha hedi. Si bolti za kukazia hedi yenyewe, hizo usiziguse, zina kipimo chake cha kukaza. Tumia ya kifuniko kidogo chochote kilichofungwa kwenye hedi. Uzuri wake inapima chuma. Maji yakikimbia yote barabarani, sensa ya maji inabaki kwenye mvuke na inaweza kukuimbia nyimbo za usingizi, lakini chuma kikiungua pete inaungua nacho. Nimeiwekea na kengele. Ikilia nasimama, hata kama mbele kuna harusi yangu mwenyewe.

Juzi nimepita tena Kitonga. Sindano ilisogea kidogo kuelekea juu, ikakaa. Nilisimama mara mbili bila sababu, nikagusa mpira wa juu kwa mkono: ukiwa wa moto na mgumu ujue themostati imefunguka na maji yanapita. Madereva wa malori walidhani nimeharibikiwa. Nimewaacha wadhani.

Yule mchangiaji wa tatu, mkuu sina ugomvi na wewe, lakini umeandika "nimetumia miaka miwili bila tatizo". Mimi nilitumia miezi saba bila tatizo. Themostati yako ikigoma utarudi hapa kuandika kwa herufi kubwa.

Eh, uliuliza na mengine. LED: weka utakako, ila taa ya chaji iache balbu ya kawaida. Ule umeme mdogo unaopita kwenye balbu ndio unaoiamsha alteneta. Ukiweka LED unaweza kukuta gari haichaji, halafu utakuja kulaumu geji ya volti. Geji ya volti yenyewe funga, ni kitu kizuri, ichukue umeme baada ya swichi.

Geji ya mafuta sina la kukuambia. Yangu tangu nifunge 7810 imetulia, lakini kile kielea cha ndani ya tenki sikiamini, natumia kijiti cha mwanzi nilichokitia alama kwa kisu. Kipo chini ya siti. Hicho hakina ethi.

Tuma picha ya mpira wako. Kama hujaukata nitalala. Kama umeukata, mpya unapatikana kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar, na usiwaambie unataka na kile kipande.